Waliobeba Mizigo ya Sudi

Maneno ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za maendeleo za sharika, Sudi. Yamefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida.

  

Nimepewa nusu saa. Harufu ya samaki inatoka jikoni, kwa hiyo nitajitahidi nisiizidishe.

Asubuhi tulipofika tulikwenda kwanza ufukweni. Wageni wetu walipiga picha za mikoko na ngalawa, kisha mmoja wao akaniuliza kama hapa Sudi kuna kitu chochote cha kihistoria cha kutazama. Alikuwa ametoka Kilwa Kisiwani, ameona msikiti mkuu na magofu yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, na sasa anaona maji na miti. Nilimjibu kwamba anakitazama, ila sisi wenyeji hatujampa maelezo. Nikamwahidi kwamba nitayatoa mchana huu.

Mwezi Machi 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa katika mwaka wake wa pili, meli ya Kijerumani iliyoitwa Marie iliingia katika ghuba hii. Ilikuwa imetoka Ulaya kwa siri, ikaizunguka Afrika kwa upande wa kusini na kupenya katikati ya manowari za Kiingereza zilizokuwa zimeifunga pwani yetu. Ilileta mizinga, risasi, nguo na dawa kwa ajili ya jeshi la Kijerumani lililoongozwa na Paul von Lettow-Vorbeck. Ikapakuliwa. Mwezi uliofuata Waingereza wakaigundua, wakaipiga mizinga ikiwa humu humu ghubani, lakini ikatengenezwa na kuponyoka, na hatimaye ikafika Batavia, mji ambao leo unaitwa Jakarta.

Habari hii imeandikwa mara nyingi huko nje, kwa sababu ni habari tamu ya ujasiri wa mabaharia. Mtu akiitafuta atapata jina la meli, jina la nahodha Sörensen, aina ya mizinga na idadi yake. Sina ugomvi na hayo. Ninachouliza ni kimoja tu: ile shehena ilikwendaje bara?

Hapa hapakuwa na reli wala barabara ya gari. Jeshi lilikuwa kaskazini, likirudishwa nyuma kutoka pande za Kilimanjaro. Mizigo mingi ilikuwa imefungwa tangu Ujerumani kwa kipimo cha kichwa cha mtu, maana waliofunga walijua kabisa nani atabeba. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kilo 25 hadi 30. Fanyeni hesabu, ninyi watunza hazina: tani moja ni watu 33 hadi 40. Mizinga haikubebeka kichwani, ikakokotwa kwa kamba. Watu walikusanywa kutoka vijiji vya pwani na vya bara, wakabeba kutoka kituo hadi kituo, wengine wakawapokea wakaendelea, kuvuka mito na mapori, mwendo wa mamia ya kilomita. Watu hao walikuwa na majina. Walikuwa na wake, na wengi walikuwa na shamba la mtama lililokuwa linangoja kupaliliwa, maana Machi kwetu si mwezi wa kutembea.

Katika maandishi yote ya Marie niliyoyasoma, sijakutana na jina la hata mmoja wao.

Niseme jinsi nilivyoingia katika jambo hili, maana mimi si mwanahistoria. Shahada yangu ni ya maendeleo ya jamii. Wengi wenu mmeshiriki zoezi la Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, na mnakumbuka hatua ile ya kuchora mstari wa matukio ya kijiji: wazee wanakaa chini ya mwembe, tunaweka vijiti ardhini, kila kijiti ni tukio. Nimeliendesha zoezi hilo katika vijiji vingi vya pwani hii. Karibu kila mahali mstari unakuwa ule ule. Uhuru 1961. Operesheni Vijiji 1974. Vita vya Kagera. Mafuriko ya Lindi 1990. Mzee sana anarudi nyuma hadi kimbunga cha 1952. Kisha mstari unakatika, kana kwamba kabla ya hapo watu hawakuwepo.

Siku moja nilikuwa namwuliza bibi mmoja umri wa mama yake aliyekwisha kufariki, ili nijaze fomu ya kaya. Akaniambia mama yake alizaliwa baba yake akiwa njiani na mzigo wa Mjerumani, na hakurudi. Alilisema kama mtu anayetaja mwaka. Fomu haikuwa na mahali pa kuandika neno hilo. Nikaandika 1916 kwa kukisia, nikaenda nyumba ya pili. Usiku sikulala vizuri.

Marie ilikuwa mwanzo tu kwa eneo letu. Septemba 1916 Waingereza walishuka Kilwa, Mikindani, hapa Sudi na Lindi. Mwaka 1917 vita ilipanda bonde la Lukuledi, Mingoyo, Narunyu, Mtama, hadi Nyangao na Mahiwa, ambako kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba lilipiganwa pambano moja kubwa kuliko yote ya vita ile katika Afrika Mashariki. Waingereza peke yao walipoteza watu zaidi ya 2,500, kwa kuuawa, kujeruhiwa au kupotea. Tunasema "Waingereza" na "Wajerumani," lakini waliokuwa wakipigana pale Mahiwa wengi wao walikuwa Waafrika kwa pande zote mbili: askari wa Kijerumani waliotoka nchi hii, askari wa King's African Rifles, na brigedi nzima ya Wanijeria walioletwa kutoka upande wa pili wa bara. Nyuma yao, kwa pande zote mbili, kulikuwa na wapagazi, mara nyingi wengi kuliko askari.

Mpagazi hakuuawa sana na risasi. Aliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu, malaria, na unga ambao haukuiva kwa sababu hapakuwa na muda wala kuni kavu. Kwa upande wa Waingereza, wanahistoria wanakadiria kwamba wapagazi waliokufa hawapungui 95,000. Kwa upande wa Wajerumani haikuwekwa hesabu kamili. Mwanzoni walilipwa, vita ilipokuwa ndefu wakakamatwa vijijini na kufungwa kamba. Wanawake nao walikuwamo, wakifuata misafara, wakitwanga na kupika. Watu wakiulizwa habari za vita huwasahau hata hao waliowakumbuka wapagazi.

Mkifika Dar es Salaam mnapita pale kwenye Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927. Aliyesimama juu ni askari mwenye bunduki na singe. Mpagazi anatajwa katika maandishi ya chini. Na tukienda kununua kitenge Kariakoo tunalitaja jeshi la wapagazi bila kujua, kwa kuwa jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi chao cha Waingereza, kilichokuwa na kambi mahali pale. Nadhani hiyo ndiyo kumbukumbu yao kubwa kuliko zote nchini, na inauza vitunguu.

Makaburi je? Vita ikiwa bado inaendelea, mwaka 1917, Waingereza waliunda tume ya makaburi ya vita, na kanuni yake ilikuwa nzuri: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila kujali cheo. Kwa Waafrika kanuni hiyo haikufuatwa. Watawala waliandika kwamba mwenyeji wa kawaida hataelewa jiwe la kaburi, kana kwamba sisi hatuziki. Mwezi Aprili 2021 tume hiyo hiyo ilitoa taarifa yake ya uchunguzi na kukiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao wakiwa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza aliomba radhi bungeni. Uchunguzi ule nao haukuanza wenyewe. Ulianza baada ya watu wa kawaida na filamu moja ya televisheni kuuliza maswali kwa sauti.

Basi mnaweza kusema: vizuri, wakubwa wamekiri, wao ndio wenye nyaraka, waache waandike. Hapo ndipo ninapotofautiana nanyi. Orodha waliyoshindwa kuiandika Lindi mwaka 1917 haitaandikwa London leo. Kama majina yako popote, yako katika majina ya ukoo wa watu wa Sudi, Mingoyo na Mtama, na katika vichwa vya wajukuu ambao sasa wana miaka themanini na zaidi. Walioiona vita hawapo tena. Waliowasikia walioiona wanapungua kila masika. Kati ya wazee niliowaandika kwenye kidaftari changu cha kwanza, sasa wamebaki wachache, na wawili kati yao hawasikii vizuri.

Kuna sababu nyingine ya ukimya, na lazima niitaje nikiwa hapa Sudi, mbele ya wenyewe.

Sudi ilikuwa bandari kabla ya Mjerumani. Karne ya kumi na tisa pwani hii, kutoka Kilwa hadi Mikindani, ilipitisha pembe, sandarusi, mpira, na watu. Wayao, Wamakua, Wamwera, Wamakonde, wengine kutoka pande za Ziwa Nyasa, walifika hapa wakiwa mateka. Wengi walisafirishwa. Wengine walibaki, wakalima, wakavua, wakaoa, wakawa watu wa Sudi. Mwishoni mwa karne ile Mjerumani Carl Velten, aliyekuwa mkalimani wa serikali, alikusanya habari za miji hii zilizoandikwa kwa Kiswahili na wenyeji wenyewe, na kuzichapisha Berlin mwaka 1907. Habari za Sudi zimo, pamoja na za Kilwa, Lindi na Mikindani. Ni hazina kubwa, na ningependa kila shule ya hapa iwe na nakala. Lakini ni habari za wakubwa, nani alikuja na nani akatawala. Mtu aliyemlimia mkubwa hakuulizwa.

Na mtu wa aina hiyo ndiye alikuwa wa kwanza kupelekwa kubeba mzigo. Kwa hiyo katika nyumba nyingi kusema "babu alikuwa mpagazi" ni kukaribia kusema "babu alikuwa mtumwa." Watu wakanyamaza, na watoto wao wakajifunza kunyamaza.

Mimi nililijua hilo kwa njia mbaya. Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha pwani ambacho sitakitaja, nilifika na dodoso langu la maswali arobaini. Nikakusanya watu mkutanoni, wazee mbele, vijana nyuma, nikasoma swali la kumi na mbili kwa sauti: je, katika ukoo wenu kuna aliyewahi kuwa mtumwa? Hakuna aliyejibu. Mzee mmoja akainuka, akachukua fimbo yake, akaondoka. Mwingine akamfuata. Katika robo saa nilibaki na mtendaji wa kijiji na watoto. Baadaye mama mmoja, kwa huruma, akanieleza nilichofanya. Nilikuwa nimewataka majirani watazamane usoni na kukumbushana nani alimnunua nani. Ilinichukua zaidi ya mwaka kurudi pale, na niliporudi sikwenda na karatasi. Nilikwenda na sukari na majani ya chai.

Palikuwa na jingine. Kwa masikio ya wazee wale, Mkristo anayeuliza habari za utumwa kwenye mji wa Waislamu anatafuta kesi. Hawakukosea sana kuhofu. Habari za utumwa zimetumiwa mno na watu wa upande wetu kuwanyooshea wengine vidole. Kwa hiyo tukitoka kuuliza, tuanze na yetu. Serikali ya Kijerumani haikufuta utumwa katika nchi hii. Ilitoa hati za uhuru kwa makumi ya maelfu ya watu, na mwaka 1904 ikaamuru kwamba watakaozaliwa na watumwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Waliokwisha kuzaliwa wakabaki kama walivyo. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1922, chini ya Mwingereza. Wamisionari walioileta Injili ya Kilutheri walikuja chini ya serikali ile ile ya Kijerumani, na masanduku yao hayakutembea yenyewe. Mwaka 1876 Askofu Steere wa Kianglikana aliwaleta watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja kupitia Lindi, wakaanzisha kijiji Masasi. Jina la askofu tunalo. Ya wale aliofuatana nao, ni wangapi kati yetu tunaweza kuyataja hata matatu?

Sasa njia tunayopendekeza kwa kamati.

Hatuulizi asili ya mtu. Tunauliza safari: nani katika nyumba hii alibeba mzigo, aliondokea wapi, alifika wapi, alirudi au hakurudi. Msimuliaji akitaka kusema zaidi, atasema mwenyewe, na akisema tuyafute, tunayafuta mbele ya macho yake. Mahojiano yafanyike nyumbani, si mkutanoni. Muulizaji awe kijana wa hapo hapo, ikiwezekana mjukuu, akiwa na mtu wa msikitini na mtu wa usharika, na bibi aulizwe na msichana. Nyimbo za unyago zisirekodiwe, hata kama zina habari ndani yake. Zina wenyewe na mahali pake. Serikali ya kijiji itoe kibali kwanza. Na mkisikia habari za makaburi, andikeni mahali, pandeni mti pembeni kama ukoo umekubali, lakini jembe lisiguse. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 na kuna adabu.

Kuna anayedhani kazi hii ni ya madaktari wa falsafa. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi wake, wakati wa likizo, kwenda kuwauliza wazee habari za Maji Maji. Walikuwa vijana wa umri wa watoto wenu, na walichokiandika ndicho wanahistoria wanachokitegemea mpaka leo, kwa sababu walifika wakati mashahidi wa 1905 walikuwa bado hai. Sisi tumechelewa kizazi kimoja.

Na jina likipatikana lina nguvu. Kule Tendaguru, bara ya Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale kuanzia 1909 hadi 1913. Zaidi ya tani 200 zilibebwa vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi, na mifupa ile inasimama katika jumba la makumbusho Berlin. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani. Kwa sababu jina lake liliandikwa, mwaka 2007 mtaalamu mmoja alipotambua aina mpya kati ya mifupa ile aliiita Australodocus bohetii. Boheti anajulikana leo duniani kote kwa wasomi wa fani hiyo. Wenzake waliobeba hawajulikani hata Lindi.

Nataka kujibu swali la ndugu yetu mjumbe aliyeniambia wakati wa chai kwamba historia haichoti maji. Ana haki. Usharika wake unasubiri kisima kwa miaka mitatu, na anaona mratibu anazungumzia wafu. Namhakikishia mbele ya wafadhili: hakuna senti ya kisima itakayoingia humu. Kazi hii inahitaji kaunta buku, kalamu, nauli ya bodaboda na chai. Simu za vijana wetu zinarekodi sauti vizuri kuliko redio kaseti niliyoanza nayo. Wageni wetu wametuuliza kama wanaweza kuchangia jiwe kubwa la kumbukumbu pale ufukweni. Nawashukuru, na naomba wasubiri. Jiwe lisilo na majina tunalo tayari Dar es Salaam. Kama wanataka kusaidia sasa, huko Ujerumani kuna barua na picha za maofisa na wamisionari waliopita hapa, nyingine ziko kwenye masanduku ya sharika zao. Wakituletea nakala, tutajua tusome sura zipi.

Nakala za kazi yetu zitakuwa tatu. Moja itakaa ofisi ya kijiji, moja shuleni, moja kwa ukoo uliosimulia. Dayosisi itachukua orodha ya majina tu, na kuipeleka pia Nyaraka za Taifa. Nilipendekeza nakala halisi zikae ofisini kwetu. Wazee wa Sudi walikataa, na sasa naona walikuwa sahihi.

Hapa mkononi ni kaunta buku la Sudi. Tulilifungua mwezi uliopita. Kurasa zimepigwa mistari mitano: jina, la baba yake, alikotoka, alikobeba, na kama alirudi. Hadi jana jioni yameingia majina kumi na moja. Mistari saba ya mwisho imeandikwa hakurudi. Jina la nne ni la babu wa yule bibi wa fomu yangu. Aliniita mwenyewe, akanisomesha herufi moja moja, kisha akasema nifute ile 1916 kwa sababu anakumbuka mama yake alisema ulikuwa wakati wa kuvuna, si wa kulima. Nimefuta.

Kaunta buku nyingine ziko mezani kwa mhasibu, moja kwa kila usharika. Katibu wa kamati asaini kabla ya kwenda kula, na tafadhali aandike namba ya simu inayopatikana.